Kinanda kimefika kimevunjika: jinsi ya kurudisha chombo cha muziki cha mtumba ulichonunua mtandaoni

"Kinanda nimekipokea jana stendi. Nyumbani nakiwasha, vitufe vitatu haviitiki na kona moja imepasuka. Muuzaji anasema kilitoka kizima. Watu wa basi wanasema wao walipokea boksi, ya ndani hawayajui. Nimdai nani?"

Swali hili huja karibu kwa maneno yale yale. Leo anauliza mwalimu wa kwaya wa Sumbawanga, kesho kijana wa bendi wa Bukoba, na mara nyingi pesa iliyotumika ni ya mchango, kwa hiyo kuna kamati inasubiri maelezo. Jibu linategemea ulichofanya ndani ya saa ya kwanza. Mnunuzi mwenye haki zote hushindwa kwa sababu alisaini, akapakia mzigo kwenye bajaji, akatupa boksi, akamwita fundi, halafu ndipo akapiga simu.

Hatua zilizo hapa ni za mzigo wa ndani ya nchi: Dar kwenda mkoani, Nairobi kwenda Kisumu, kwa basi au kampuni ya vifurushi. Aliyeagiza nje ana sehemu yake mbele, lakini hatua ya 1 hadi ya 5 zinamhusu pia.

Uwe na nini mkononi

- Simu yenye chaji na nafasi ya kutosha kurekodi video ndefu.
- Picha za skrini za tangazo zima: picha, bei, maelezo, jina na namba ya muuzaji. Zichukue siku unayolipa, maana matangazo hufutwa.
- Video ya muuzaji akikipiga chombo kabla ya kukifunga, na nyingine akikiweka ndani ya boksi. Kama bado hajatuma mzigo, mwombe sasa hivi. Anayekataa kutuma video ya dakika mbili amekujibu tayari.
- Ujumbe wa malipo wa benki au wa simu, na stakabadhi ya mzigo yenye namba yake.
- Tochi, kisu kidogo, selotepu pana, hedfoni, na adapta sahihi kama haiji ndani ya boksi.

Bisibisi iache nyumbani. Utaona kwa nini.

Hatua

1. Kagua boksi kabla ya kusaini.

Likiwa bado juu ya kaunta ya ofisi ya mizigo, lizungushe. Tafuta kona zilizobonyea, matobo, alama za maji, na selotepu iliyobandikwa juu ya selotepu nyingine ya rangi tofauti. Hiyo ya mwisho ina maana boksi limefunguliwa njiani. Piga picha pande zote sita, na lebo yenye majina ionekane.

Mhudumu akikuharakisha usaini kwanza, saini, lakini juu ya saini yako andika: "Boksi limebonyea kona ya kulia, ndani sijakagua", kisha tarehe na saa. Piga picha ukurasa huo. Saini isiyo na maneno husomeka kuwa umepokea mzigo mzima ukiwa umeridhika.

*Kosa la kawaida:* kumtuma bodaboda akuchukulie. Bodaboda atasaini chochote, na safari kutoka stendi hadi kwako itakuwa kisingizio cha kila mtu.

2. Fungua mbele ya kamera, bila kukata video.

Mpe mtu mwingine ashike simu. Anza na namba ya stakabadhi, kisha boksi likiwa limefungwa, kisha kata selotepu. Toa vitu kimoja kimoja na onyesha kila kilichowekwa kuzuia mtikisiko: sponji, magazeti, matambara, au utupu mtupu. Onyesha namba ya utambulisho ya chombo (serial number), ambayo kwa vinanda na mixa (mashine za kuchanganya sauti) huwa chini au nyuma karibu na jeki (matundu ya kuchomeka waya), ili baadaye mtu asiseme umerudisha kingine.

Ukiruhusiwa, fanya haya pale pale ofisini. Ukikataliwa, sema kwenye video kwamba umekataliwa, halafu fungua nje ya mlango.

3. Kiinamishe na usikilize kabla ya kukichomeka kwenye umeme.

Hapa ndipo watu wanapoharibu kesi, kwa hiyo usikimbie.

Kinanda: kiinamishe taratibu upande mmoja kisha mwingine. Kitu kikigongagonga ndani, usikiwashe. Skrubu iliyochomoka inaweza kuunganisha nyaya zisizopaswa kugusana, na hapo utakuwa umeongeza hasara yako juu ya ile ya safari. Tazama vitufe kwa usawa wa jicho, kama fundi anavyotazama ubao kama umenyooka. Kitufe kilichozama au kilichoinuka huonekana mara moja. Ingiza na kutoa waya katika kila jeki. Jeki iliyosukumwa ndani hulegea au hukataa kabisa.

Spika: lalisha spika, koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika kutoa sauti) ikitazama juu. Weka vidole vya mikono yote miwili pande mbili za katikati ya koni, sukuma ndani polepole, achia. Inapaswa kushuka na kupanda kimya. Ukihisi au ukisikia mkwaruzo, huenda sumaku imehama kwa kishindo cha kuangushwa na koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua. Spika ya namna hii inaweza kuonekana mpya kabisa kwa nje, na kwa sauti ya chini isikudhihirishie kitu.

Amplifaya: mara nyingi transfoma ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Ikianguka, hung'oa skrubu zake na kukunja bati. Angalia kama bodi imepinda na kama upande mmoja unacheza.

Gita: mulika tochi nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa. Ufa wa hapo huanza kama unywele chini ya rangi. Ukigusa kwa kucha utaona kama kuna ngazi ndogo.

Mixa: gusa kila nobu (kitufe cha kuzungusha) na kila kitelezi cha sauti. Nobu inayoyumba huku nyingine zimesimama imepigwa.

4. Washa kwa utaratibu.

Soma lebo ya umeme kwanza. Vyombo vingi vya mtumba hutoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Ukivichomeka kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya bila transfoma ya kupunguza, vinaungua, na kuungua huko ni kwako. Adapta nazo zina hila yake: vinanda vingi vya Yamaha PSR hutaka volti 12 zenye chanya katikati ya pini, Casio nyingi za zamani hutaka volti 9 zenye hasi katikati. Alama imechorwa kando ya tundu. Adapta ya kuazima kwa jirani ndiyo utetezi anaoupenda kuliko wote muuzaji asiye mwaminifu.

Anza na sauti ya chini. Kinanda, piga kila kitufe kutoka kushoto hadi kulia, kwa nguvu na kwa upole. Mixa, peleka maiki moja katika kila chaneli. Rekodi yote.

5. Amua uharibifu ni wa nani.

Kuna majibu matatu, na ushahidi umo ndani ya boksi.

*Ni wa safari.* Mpasuko ni mweupe, safi, hauna vumbi; kipande kilichovunjika kimo ndani ya boksi; nje ya boksi, mahali hapo hapo, pamebonyea. Nje na ndani vikipatana, aliyebeba ana la kujibu.

*Ni wa kufungasha.* Boksi zima, chombo kimevunjika. Mara nyingi mkosaji ni adapta au pedali iliyotupwa ndani bila kufungwa. Adapta nzito ikicheza juu ya kinanda usiku kucha kutoka Dar hadi Mwanza inafanya kazi ya nyundo. Tafuta alama yake: kioo kina ufa wa duara, au vitufe vina michubuko ya upana wa adapta. Hilo ni la muuzaji.

*Ni wa zamani.* Ufa una uchafu au gundi, skrubu zimekwaruzwa vichwa, kitufe kina alama ya supagluu, kipande kilichokosekana hakimo ndani ya boksi. Hukuvunjiwa njiani, uliuziwa kibovu. Nalo ni la muuzaji, na zito zaidi, kwa sababu alitangaza kizima.

Katika majibu mawili kati ya matatu unamdai muuzaji. Hata katika la kwanza ni vizuri aingie, kwa kuwa kwa kawaida yeye ndiye aliyekabidhi mzigo, akalipa nauli na kutamka thamani yake. Basi anza na muuzaji, na msafirishaji mjulishe siku hiyo hiyo.

6. Mwandikie muuzaji leo. Usipige simu tu.

Simu haibaki. Ukipiga, fuatisha maandishi ya mliyozungumza. Mfano:

"Habari kaka. Kinanda nimekipokea leo saa nne asubuhi, stakabadhi ya mzigo namba hii hapa. Nimekifungua mbele ya mhudumu. Kona ya kushoto imepasuka na vitufe vitatu vya juu havilii. Nimekutumia picha 8 na video ya kufungua. Sijakifungua ndani wala kukipeleka kwa fundi. Naomba tukubaliane kukirudisha na kurejeshewa fedha yangu pamoja na nauli ya mzigo. Naomba jibu lako kabla ya kesho jioni."

Usitukane, usitishie polisi katika ujumbe wa kwanza, na usimwanike kwenye kundi la WhatsApp la wanamuziki kabla hajajibu. Wauzaji wengi wa vyombo vya mtumba wanaishi kwa jina lao. Akiona bado ana nafasi ya kulilinda, atazungumza nawe.

7. Mwandikie msafirishaji.

Barua fupi ya ukurasa mmoja inatosha: namba ya stakabadhi, tarehe, mzigo ulikuwa nini, umeharibika vipi, thamani yake, unadai nini. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Boksi na vifungashio vyote vihifadhi hadi mwisho, kwa sababu kitu cha kwanza watakachotaka kuona ni hivyo.

8. Chagua: kurudisha, kupunguziwa bei, au kutengenezewa.

Kurudisha si lazima kuwe bora. Chombo kitasafiri tena barabara ile ile, kwenye buti lile lile la basi. Ufa wa plastiki kwenye kona ambao haugusi sauti, mimi ningedai nipunguziwe bei na kubaki nacho. Kitufe kimoja kilichokatika chenye vipuri Kariakoo, pata makadirio ya fundi kwa maandishi, mwambie muuzaji alipe, ndipo kifunguliwe. Lakini sumaku ya spika iliyohama, shingo ya gita iliyopasuka, kioo cha kinanda kilichokufa, au bodi iliyovunjika, rudisha. Ukitengeneza vitu hivyo utakuwa umenunua mara mbili.

*Kosa la kawaida na baya kuliko yote:* fundi wa mtaani kukifungua "aone tu". Skrubu zikishaguswa, hakuna tena njia ya kuonyesha nani alianza. Ndiyo maana bisibisi imebaki nyumbani.

9. Kifunge vizuri kuliko kilivyokuja.

Kama kikivunjika zaidi njiani, utabishana upya. Weka angalau sentimita 5 za sponji au kipande cha godoro kila upande, kona zaidi. Juu ya vitufe laza ukanda wa sponji ngumu. Nobu zisibebe uzito: zizungushie fremu ya kadibodi iliyo juu kuliko zenyewe. Gita lilegeze nyuzi kiasi, na chini ya kichwa weka mto ili shingo isining'inie. Adapta na pedali vifungwe kwenye mfuko wao, vibanwe mwisho wa boksi au visafiri peke yake. Kisha boksi hilo liingie ndani ya boksi jingine. Chombo kikiwa ndani, tikisa: kisisikike.

Rekodi kufunga kama ulivyorekodi kufungua. Andika majina na namba za simu pande mbili, tamka thamani halisi kaunta, na hakikisha stakabadhi inasema "kinanda" au "spika", isiseme "boksi 1".

10. Pesa na mzigo vikutane.

Muuzaji anataka mzigo kwanza, wewe unataka pesa kwanza. Njia inayofanya kazi ni kumweka mtu wako mjini kwa muuzaji: ndugu, mwanakwaya, rafiki. Mzigo unatumwa kwa jina la huyo mtu, anakutana na muuzaji, muuzaji anakagua dhidi ya video yako, analipa, anachukua. Kama huna mtu, omba nusu kabla ya kutuma na nusu baada ya kukagua, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye ujumbe.

Usijaribu kurudisha muamala wa M-Pesa kwa kudai ulikosea namba. Huduma hiyo ni ya aliyekosea kweli. Hapa itakugeuza wewe kuwa mwongo mbele ya kila atakayesikiliza shauri lako.

Kama uliagiza nje ya nchi

Muda ndio unaotawala hapa. Kwa eBay, soko la mtandaoni, ombi la kurudisha kitu kisicholingana na maelezo hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu kufikishwa, ndani ya mfumo wao wenyewe. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi kutatua kabla wewe hujaweza kuwaomba eBay waingilie. Kuharibika njiani kunahesabiwa kuwa kutolingana na maelezo, na kwa kesi hiyo gharama ya kurudisha si yako. Uking'ang'ania kuzungumza na muuzaji kwa barua pepe hadi siku zipite, umeachia ulinzi wako bure.

Lakini wengi wetu huagiza kwa wakala mwenye anuani Marekani au Uingereza, ambaye huutuma mzigo Dar au Mombasa. Ulinzi wa eBay hauendi na mzigo uliotumwa tena mahali pengine baada ya kufika kwenye anuani ya kwanza. Dawa ni moja: mlipe wakala afungue boksi kule, apige picha na awashe chombo kabla ya kukipeleka bandarini au uwanja wa ndege.

PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, inakupa siku 180 tangu kulipa kufungua mgogoro, na ukishaufungua una siku 20 kuupandisha kuwa dai rasmi, la sivyo unajifunga wenyewe. Malipo yaliyotumwa kwa njia ya "marafiki na familia" hayana ulinzi huo. Muuzaji anayekuomba ulipe hivyo ili "kuokoa makato" anakuondolea bima.

Mzigo wa ndege: Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 14 tangu kupokelewa. Ukiona uharibifu kabla mzigo haujatoka forodhani, mwambie wakala wako wa forodha hapo hapo, kabla ya kulipa ushuru wa kitu kibovu.

Na wewe uliye Uingereza: ukinunua kwa duka au mfanyabiashara, hata kama chombo kimetumika, sheria ya haki za walaji ya 2015 inaacha hatari ya safari kwa muuzaji hadi kifike mkononi mwako, na una siku 30 za kukikataa kikiwa kibovu. Kwa mtu binafsi anayeuza gita lake mwenyewe, kanuni hizo hazikusaidii. Hapo utategemea ulinzi wa njia uliyolipia.

Mambo yakikwama

*Muuzaji: "Mtumba haurudishwi."* Anachokataa ni kurudishiwa kwa sababu umebadili mawazo. Wewe hujabadili mawazo. Ulilipia kinanda kinacholia vitufe vyote. Mrudishie picha ya tangazo lake mwenyewe.

*Basi: "Stakabadhi inasema mzigo ni kwa hatari ya mwenyewe."* Omba jibu hilo kwa maandishi. Wengi hulegea hapo. Wasipolegea, malalamiko ya mabasi Tanzania hupelekwa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na ya kampuni za vifurushi zenye leseni hupelekwa TCRA (mamlaka ya mawasiliano). Kenya, kampuni za vifurushi ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hapa ndipo boksi lililobonyea na maneno uliyoandika juu ya saini yanapolipa.

*Muuzaji amekuzuia WhatsApp.* Mtumie ujumbe wa kawaida wa simu wenye madai yale yale, hifadhi, ripoti akaunti yake kwenye jukwaa ulikomkuta. Kama ameuza kibovu akijua, fungua jalada polisi ukiwa na ujumbe wa malipo wenye jina lililosajiliwa. Kenya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na si lazima uwe na wakili. Tanzania unaweza kuanzia mahakama ya mwanzo na kujieleza mwenyewe.

*Kimefika kwa muuzaji na anasema kinafanya kazi vizuri.* Hutokea, hasa kwa kebo ya ndani iliyolegea ikajirudisha kwa mtikisiko. Mwombe apige kila kitufe kwenye video, simu ikiwa karibu na kinanda, kwa dakika kumi mfululizo kikiwa kimepata joto.